Mele katika rugbi: namna gani mwamuzi ahukumu kwa haki kitu chenye haoni vizuri?

Usiku wa tarehe 21 Oktoba 2023, kwenye Stade de France karibu na Paris, Uingereza walibakisha dakika mbili hivi kusudi waingie fainali ya kombe la dunia la rugbi. Waliongoza karibu mechi yote. Walikuwa na pointi 15, Afrika ya Kusini 13. Ndipo mele moja ikapangwa. Watu nane kila upande wakainama, wakakamatana, wakasukumana. Mwamuzi Ben O'Keeffe wa Nyuzilandi akapiga filimbi na kuinua mkono upande wa Afrika ya Kusini. Handré Pollard akasimamisha mpira chini, karibu metre 50 toka milingoti, akapiga, ukaingia. 16 kwa 15. Kisha wiki moja Afrika ya Kusini wakabeba kombe mbele ya Nyuzilandi, 12 kwa 11.

Wachezaji wa zamani na wafafanuzi wa televisheni walirudilia picha za ile mele mara mingi. Wengine walisema Waingereza walikunja goti na walistahili adhabu. Wengine walisema nguzo wa Afrika ya Kusini ndiye aliingia kwa mshazari. Picha ni moja, macho ni mamoja, jibu mbili. Na ile filimbi ilikuwa na bei ya nusu fainali ya dunia.

Mu Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, rugbi si mchezo wenye kujaza viwanja. Mtoto akipata mpira, anautafutia mguu. Lakini mchezo hauko mbali kama vile watu wanafikiri. Kampala, mji wenye wafanyabiashara wetu wanaujua sana, ndiyo ilipokea kombe la Afrika mwezi wa Julai 2025, na pale Zimbabwe waliwashinda Namibia 30 kwa 28 na kukata tikiti ya kombe la dunia la 2027 huko Australia. Zimbabwe hawakurudi kwenye kombe hilo tangu 1991. Pointi mbili tu ziliwatenganisha, na penalti moja inaleta tatu. Tena, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Ufaransa wa miaka ya 2000, Yannick Nyanga, alizaliwa Kinshasa, na kazi yake ilikuwa kusukuma ubavuni mwa mele. Basi ulizo la haki ndani ya mele linatuhusu zaidi ya vile linaonekana.

Kwanza, kitu chenyewe. Mele inapangwa kisha kosa dogo, kwa mfano mtu ameangusha mpira mbele yake. Sheria inasema mchezo uanze upya, na ekipe yenye haikukosa iingize mpira. Mbele kuna watu watatu. Wale wawili wa kando Wafaransa wanawaita nguzo, na jina hilo linawafaa, juu njo wanabeba nyumba yote. Katikati yao iko namba 2, mwenye kazi ya kuvuta mpira nyuma kwa kisigino. Nyuma yao wawili warefu wa safu ya pili, wawili wa ubavuni, na namba 8 wa mwisho. Kwa ekipe kubwa za mataifa, watu hao nane pamoja wanapita kilo 900. Ukiweka kilo 900 mbele ya kilo 900, halafu uwaambie wasukumane huku vichwa vya watu sita viko katikati, unaelewa kwa nini sheria za mele ziko nyingi hivyo.

Shida ya haki inaanzia kwa namna ile mistari miwili inaingiliana. Nguzo wa kushoto, namba 1, bega lake la kushoto liko huru, haligusi mtu. Nguzo wa kulia, namba 3, anaingiza kichwa kati ya namba 1 na namba 2 wa wapinzani, na mabega yake yote mawili yanabeba uzito. Kazi si moja, na kwa hiyo hata ujanja si mmoja. Namba 1 anaweza kumvuta namba 3 chini kwa mkono, na kwa mbali inaonekana kama namba 3 amechoka na ameanguka mwenyewe. Anaweza pia kuingia kwa mshazari, akamsukuma chini ya kifua mpaka ainuke kama mtu aliyekabwa. Namba 3 naye anaweza kugeuza mwili na kumshambulia namba 2 wa katikati. Pale namba 1 wa upande mwingine anabaki bila mtu wa kusukuma, kiuno chake kinatoka inje, na macho ya mwamuzi yanamuona yeye kama mkosaji.

Njo pale pagumu. Kitu chenye kinaonekana, mara mingi, ni matokeo ya kosa, si kosa lenyewe. Aliyeanguka wa kwanza anaweza kuwa ndiye aliyeangushwa. Na haya yote yanapita kwa sekunde mbili ao tatu, mbele ya mwamuzi mmoja mwenye kusimama upande mmoja. Akisimama kushoto, anaona pambano moja la nguzo; lile la upande mwingine liko nyuma ya ukuta wa watu. Msaidizi wake wa mstari anaweza kuwa metre 30 mbali. Mwamuzi wa video, mwenye kusaidia sana kwa mchezo wa hatari na kwa kujua kama mpira umefika chini nyuma ya mstari, hana desturi ya kusimamisha mechi ili aseme nani ameangusha mele. Na hata kama angekuwa nayo, ile picha ya Paris imeonyesha kwamba mwendo wa polepole hauleti jibu moja kila mara.

Makocha wanajua hayo, na hawafiche. Kwa lugha yao, mwamuzi anahukumu picha. Kwa hiyo wanafundisha nguzo wao si kusukuma tu, lakini pia kutoa picha nzuri: mgongo ubaki sawa, kiwiko kiwe juu, miguu isonge mbele kidogo, ili hata mele ikianguka, wapinzani waonekane wakosaji. Ekipe yenye inasonga mbele inapata filimbi. Wakati mwingine ni haki kabisa, juu kweli wamewashinda wenzao kwa nguvu na kwa ufundi. Wakati mwingine ni mchezo wa kuigiza.

Mfano mzuri zaidi ulikuja Durban, tarehe 20 Juni 2009. Muungano wa Lions wa Uingereza na Ireland ulicheza na Afrika ya Kusini. Tendai Mtawarira, kijana mzaliwa wa Zimbabwe, alikuwa namba 1 wa Afrika ya Kusini. Mbele yake Phil Vickery, Mwingereza mwenye uzoefu, bingwa wa dunia. Vickery alipigiwa filimbi mara kwa mara, akatolewa mwanzoni mwa kipindi cha pili, na Lions wakapoteza 26 kwa 21. Mtawarira akapata sifa dunia nzima. Kisha wafafanuzi walipoangalia tena, wengi wakasema alikuwa anasukuma kwa mshazari na mwamuzi hakuona. Siku 14 baadaye, Johannesburg, watu hao wawili wakakutana tena, mwamuzi akiwa mwingine. Safari hii Vickery akasimama imara na Lions wakashinda 28 kwa 9. Hakuna mtu anayepata kilo 20 za nguvu mpya ndani ya majuma mawili. Lions walibadilisha vitu vingi ndani ya ekipe yao, hiyo ni kweli, lakini ngumu kusema kwamba jicho la mwamuzi halikuwa na fungu ndani yake.

Miaka sita mbele yake, fainali ya 2003 pale Sydney ilionyesha upande mwingine wa shida. Uingereza walikuwa na mele yenye watu wengi waliiona kuwa na nguvu kupita ile ya Australia. Lakini mwamuzi André Watson wa Afrika ya Kusini aliwaadhibu wao, tena na tena, na moja ya zile penalti, dakika ya mwisho kabisa, iliwapa Australia usawa wa 14 kwa 14. Mechi ikaenda kwa muda wa nyongeza. Ndipo Uingereza wakaingiza mzee Jason Leonard. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alimuendea mwamuzi na kumpa maneno ya kumtuliza: mimi sitaleta fujo, nitabaki pahali nilipo. Mele ikatulia, na Uingereza wakashinda 20 kwa 17. Hadithi ni nzuri, na watu wa rugbi wanaipenda, lakini ukiipima vizuri inaleta wasiwasi. Kama maneno ya mchezaji mmoja mwenye heshima yanaweza kubadilisha namna mele inahukumiwa, basi ekipe yenye haina mtu mwenye heshima kama ile inafanya nini?

Mbele ya haki kuna uzima, na hapo lazima kusema kwamba kazi kubwa imefanyika. Zamani mistari miwili iligongana kwa kishindo, kama magari mawili, na shingo ndizo zilipokea. Watu walipooza maisha yote. Mwaka 2007 wakuu wa rugbi waliweka maagizo ya hatua kwa hatua kusudi mgongano upungue. Mwaka 2013 wakaongeza jambo la maana: nguzo lazima wakamatane kwanza, wakiwa wameinama, ndipo waingie. Utafiti wa chuo kikuu cha Bath ulikuwa umeonyesha kwamba njia hiyo inapunguza nguvu ya mgongano kwa karibu robo. Nyuzilandi walikuwa wametangulia kwa kufundisha makocha na waamuzi wote kwa lazima tangu 2001. Mpaka 2005 walihesabu ajali moja tu ya uti wa mgongo ndani ya mele, wakati mahesabu ya miaka ya nyuma yalitabiri karibu tisa. Mwaka 2022 namba 2 akaagizwa aweke mguu mmoja mbele kama breki, ili uzito usiende wote juu ya shingo mbele ya mpira kuingia.

Haya mambo yamesaidia pia haki, hata kama hayakutungwa kwa ajili yake. Zamani ekipe yenye iligonga kwanza ndiyo ilishinda, na mwamuzi alikuwa anahukumu ajali. Leo, kama wote wametulia mbele ya mpira kuingia, anaweza kuona nani ameanza kutikisika. Mwamuzi mwenye haraka anajiibia mwenyewe ile nafasi. Mwenye kujua kazi anatembelea vyumba vya ekipe zote mbili mbele ya mechi, anaongea na watu wa mstari wa kwanza, anawaambia wazi vitu vyenye ataangalia. Kiwanjani anatoa maagizo kwa mwendo ule ule tangu dakika ya kwanza mpaka ya 80, anaangalia miguu na viuno mbele ya kuangalia mabega, anamuuliza msaidizi wake juu ya upande wenye haoni. Mele ikianguka na hajui sababu, anairudilisha. Watu kwenye majukwaa wanalalamika kwamba wakati unapotea. Waache walalamike, kukisia ni mbaya zaidi, maana kukisia kunaleta pointi tatu.

Kitu kimoja kinashangaza sana kwa mwenye kuangalia rugbi mara ya kwanza. Sheria inasema mpira uingizwe sawa katikati. Tangu 2017 namba 9 anaruhusiwa kusimama bega moja upande wa watu wake, basi, lakini mpira wenyewe lazima uende moja kwa moja. Angalia mechi yoyote kubwa: namba 9 anautupa karibu na miguu ya watu wake, mbele ya macho ya mwamuzi, na filimbi inanyamaza. Yaani mwamuzi anaacha kosa lenye anaona kwa metre mbili, na anaadhibu kosa lenye anakisia chini ya rundo la watu 16. Lile la kwanza, akilipigia filimbi, linaleta mkwaju huru tu. Lile la pili linaweza kuleta kombe.

Hapa ndipo mjadala wa sasa unasimama. Kwa siku sita tu mbele ya ile nusu fainali ya 2023, Afrika ya Kusini waliitoa Ufaransa 29 kwa 28, mwamuzi akiwa O'Keeffe yule yule, na Antoine Dupont, kapiteni wa Ufaransa, hakuficha hasira yake juu ya uamuzi. Ndani ya mechi ile Damian Willemse wa Afrika ya Kusini alidaka mpira wa juu karibu na milingoti yake, akapata mkwaju huru, na badala ya kupiga mpira mbali kama vile kila mtu alingojea, akaomba mele. Alijua mele yao ina nguvu, na kwamba nguvu hiyo inaweza kuzaa penalti. Watu wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Lakini kuanzia tarehe 1 Julai 2024 sheria ikabadilika: mwenye kupata mkwaju huru hawezi tena kuchagua mele. Mele, yenye ilikuwa njia ya kuanzisha mchezo upya, ilikuwa imegeuka mashine ya kutafuta penalti, na wakuu wa rugbi walitaka kufunga mlango mmoja.

Mlango mkubwa bado uko wazi. Kuna wenye kusema makosa mengi ya mele yatoe mkwaju huru tu, na penalti ya pointi tatu ibaki kwa hatari na kwa udanganyifu wenye unaonekana bila shaka. Wazo hilo lina mantiki. Adhabu inapashwa kulingana na uhakika wa mwenye kuhukumu. Usiye na hakika usichukue kitu kikubwa mfukoni mwa mtu. Lakini wenye kupinga nao wana neno. Ukiondoa faida ya mele yenye nguvu, kocha atajiuliza kwa nini aweke watu wazito wa kilo 130 badala ya wakimbiaji, na wapinzani watakuwa wanaangusha mele kwa makusudi, wakijua bei ni ndogo. Tena, kuna inchi zenye mali yao ya kwanza ni mele. Georgia, kwa mfano, waliingia kwa meza ya wakubwa wakitegemea mabega ya nguzo wao. Rugbi bila mele ya kweli ni mchezo wa watu wa mwili mmoja, na uzuri wake wa kupokea mfupi mnene na mrefu mwembamba utapotea. Labda njia ya katikati inaweza kufaa: mkwaju huru kwa kuanguka kwa kwanza kwenye hakueleweki, penalti kwa kurudilia. Waamuzi wengine tayari wanafuata kitu karibu na hicho. Shida ni kwamba wengine hawafuate, na ekipe haijui atapata nani.

Ile hali ya kutojua inazaa presha mbaya juu ya waamuzi. Mwaka 2021 Rassie Erasmus wa Afrika ya Kusini alitoa video ya zaidi ya saa moja akichambua makosa ya mwamuzi mmoja, na akafungiwa. Kisha fainali ya 2023, mwamuzi Wayne Barnes, aliyeachia filimbi kisha mechi ile, na mwenzake wa video Tom Foley, walieleza matusi na vitisho vyenye vilifika hata kwa familia zao. Foley akajitenga na mechi za mataifa. Mu mpira wetu wa miguu maneno “abitri ametuiba” yanajulikana, na watu wanajua pahali yanaweza kufikisha kiwanja. Rugbi ilijivunia kwa muda mrefu kwamba kwake kapiteni peke yake ndiye anasema na mwamuzi, kwa heshima. Mitandao haina kapiteni.

Kombe la 2027 litakuwa na ekipe 24, toka 20 za zamani, na mechi 52. Hii inamaanisha mele nyingi zaidi kati ya inchi kubwa na inchi ndogo, na hapo jina linaanza kucheza. Nguzo wa ekipe yenye sifa akianguka, jicho linafikiri ameangushwa. Nguzo wa ekipe isiyojulikana akianguka, jicho linafikiri ni mdhaifu. Mwamuzi hafanyi hivyo kwa ubaya; anafanya kama mtu mwingine yeyote mwenye kupewa sekunde mbili na kuulizwa jibu. Ekipe kubwa zina makocha wa mele peke yake, wenye kuandaa picha za kuwaonyesha waamuzi mbele ya mechi. Zimbabwe hawana utajiri huo. Watafika Australia na watu wao wa mstari wa kwanza, wengi wao majina yenye waamuzi hawajazoea kuyasikia.

Kwa vijana, sheria imekwisha kuchagua upande. Chini ya miaka 19, mele hairuhusiwi kusukuma zaidi ya metre moja na nusu, na ikizunguka kupita digri 45 inasimamishwa, wakati kwa wakubwa ni 90. Na kama ekipe haina tena watu waliofundishwa kucheza mstari wa kwanza, mele inafanyika bila kusukumana kabisa. Kocha wa kikundi chenye kinaanza, ikiwa Kampala ao upande huu wa mpaka, na mwamuzi wake wa siku ya Pongezi, wanaanzia hapo: kuuliza mbele ya mechi nani anajua kusimama mbele, na kama jibu ni watu wawili peke yao, kuwaambia wote wasisukume.